Kabla hujauliza kaliba, angalia kidole chako: fremu ya rivolva ya shabaha

Mtu akitaka rivolva ya kupigia shabaha swali lake la kwanza ni kaliba, yaani unene wa risasi. 38 au 357? Au nianze na 22? Watu wanabishana hapo wiki nzima, mwisho mwisho ndo mmoja anakumbuka kuuliza, na fremu je, kama vile fremu ni rangi ya gari, unachukua iliyopo dukani. Mi naanzia upande wa pili kabisa. Kaliba karibu zote za shabaha zinapiga vizuri kuliko sisi tunaozishika, tena kwa mbali, lakini fremu isiyokaa mkononi inakusumbua risasi ya kwanza mpaka ya sitini, na hakuna baruti wala mtutu wa bei mbaya utakaokuokoa.

Kwa ambao ndo wanaingia, fremu ni lile umbo la chuma ambalo silinda, lile pipa linalozunguka lenye matundu ya risasi, imekaa katikati yake, mtutu umefungwa mbele, mpini umevalishwa nyuma, na triga na nyundo na springi zote ziko ndani yake. Ukubwa wake unaamua silinda itakuwa nene kiasi gani, mkono utashika wapi, na kidole kitasafiri umbali gani mpaka kwenye triga. Smith & Wesson, watengenezaji wa Marekani, wanaziita kwa herufi, na herufi zao zimekuwa lugha ya wote hata wanaopiga za watengenezaji wengine kama Ruger au Colt: J ni ndogo, K ya kati, L ya kati iliyoshiba, N kubwa, X dubwana. Hazikupangwa hivyo siku moja. K ndo mzee wao, ilitoka 1899 na ile 38 ya jeshi na polisi, N ikafuata mwanzoni mwa karne ya 20, J ikaja 1950, L mwanzoni mwa miaka ya 1980, X ikaja 2003. Ukifuatilia utaona karibu kila moja ilizaliwa kwa sababu kuna risasi fulani ilikuwa haikai vizuri kwenye fremu zilizokuwepo, yaani waliobuni walikuwa wanawaza risasi, mkono wako hawaujui. Kazi ya kuuwaza mkono wamekuachia mwenyewe.

Haya, tuuwaze. Chukua rivolva, fungua silinda, hakikisha matundu yote ni matupu, angalia tena, funga. Ishike kwa mkono wa kupigia peke yake, ule upenyo kati ya kidole gumba na cha shahada upandishe juu kabisa nyuma ya mpini, nyoosha mkono. Sasa chungulia kutoka juu: mtutu, kifundo cha mkono na kigasha viwe kwenye mstari mmoja. Ukiwa hivyohivyo, bila kuzungusha kiganja, peleka kidole cha shahada kwenye triga. Kwa singo-aksheni, yaani nyundo umeshaivuta nyuma, kidole kitue katikati ya pingili ya kwanza. Kwa dabo-aksheni, ambapo triga yenyewe ndo inavuta nyundo na kuzungusha silinda, wengi tunataka kiingie zaidi kidogo, mpaka karibu na mkunjo wa kwanza, maana kazi ni nzito na ncha ya kidole peke yake haina nguvu hiyo. Kama kinachogusa ni ncha tu, au umeshtuka kumbe umeizungusha bastola kiganjani ili kidole kifike, fremu hiyo ni kubwa kwako, hata kama muuzaji anakwambia utazoea.

Hutazoea, au tuseme utazoea vibaya. Ukishaizungusha, teke la bastola haliingii tena kwenye kigasha, linaingia kwenye kifundo cha kidole gumba, na baada ya risasi kadhaa kile kifundo kinaanza kujihami chenyewe, kinakaza kabla ya mlio. Halafu ncha ya kidole inasukuma triga pembeni badala ya kuivuta moja kwa moja nyuma, na kundi la risasi linahamia upande mmoja wa karatasi, we unakaa hapo unazungusha skrubu ya kilengeo cha nyuma kutibu ugonjwa ambao hauko kwenye kilengeo. Hili nimeliona sana. Mtu kasogeza kilengeo mpaka mwisho, mwenzake akichukua bastola ileile risasi zinaenda upande wa pili kabisa wa karatasi.

Fremu ndogo kupita kiasi nayo ina vituko vyake, kidole kinapita triga mpaka ncha inakwenda kugonga mpini upande wa pili, kidole cha mwisho hakina pa kushika kinaning'inia hewani, na mkono unabana kwa nguvu kwa sababu hakuna cha kujaza kiganja. Ila hilo unaweza kulitibu kwa kiasi fulani kwa mpini mnene. Fremu kubwa ni ngumu zaidi kuitibu, chuma huwezi kukipunguza.

Kuna kitu watu wanakipita hapa. Nyundo ikiwa nyuma, triga nayo imeshasogea nyuma, kwa hiyo safari ya kidole ni fupi kuliko ya dabo. Maana yake mtu anayepiga taratibu, singo tupu, mkono mmoja, anaweza kumudu fremu kubwa kidogo kuliko huyuhuyu angemudu kwa dabo. Ndo maana ukisikia mtu anakwambia N inamkaa vizuri muulize kwanza anapiga vipi. Ila hapo kuna mtihani mwingine, kidole gumba. Jaribu kuivuta nyundo nyuma kwa gumba la mkono uleule unaoshikia, bila kulegeza mshiko. Kwenye fremu kubwa wengi wetu tunalegeza mkono kidogo ili kufika, tukimaliza tunashika upya, na kushika upya si sawasawa na mwanzo. Kwenye shindano la mita 25 la ISSF, shirikisho la kimataifa la kupiga shabaha, ile sehemu ya pili ambayo shabaha inaonekana sekunde 3 na inajificha sekunde 7, una hizo 7 za kushusha mkono na kuvuta nyundo kabla haijaonekana tena. Muda unatosha kabisa, tatizo ni kwamba umevuruga mshiko mara tano kwa kila mfululizo.

Mimi vidole vyangu ni vifupi kidogo, kwa dabo N siiwezi, naishia kuigusa triga kwa ncha. K inanikaa. Na uzuri ni kwamba L imetengenezwa na mpini wa ukubwa uleule wa K, kwa hiyo ukipimwa na K umeshapimwa na L, tofauti zao ziko mbele ya mkono na siyo ndani yake. Ruger GP100, iliyotoka katikati ya miaka ya 1980, ilikwenda njia nyingine, nyuma haina ule mfupa wa mpini wa chuma, ina kijiti tu na mpini wote unavaa juu yake, kwa hiyo anayechonga mpini ana uhuru mkubwa wa kuamua upana na umbo. Kwa mtu mwenye kiganja kisicho cha kawaida hiyo ni neema. Kwa Smith & Wesson angalia mpini unafanya nini nyuma: ukifunika ule mgongo wa chuma unaongeza umbali wa kidole, ukiuacha wazi unaupunguza. Inaonekana kitu kidogo ila ndo tofauti kati ya mkunjo na ncha. Kabla hujauza bastola kwa sababu "haikukai", badilisha mpini kwanza.

Tuje kwenye uzito, hapa ndo ubishi ulipo. Dhana ya watu ni kwamba nzito ni tulivu, tulivu ni sahihi, kwa hiyo chukua kubwa. Nusu yake ni kweli. Uzito unapunguza ule mtetemo wa haraka wa mkono na unakula teke. Lakini unaposhika kwa mkono mmoja umenyooka mbele ya mwili, bega ndo linalipa, na bega likichoka mtetemo wa haraka unabadilika kuwa yumbayumba ya polepole ambayo ni mbaya zaidi, maana unaisubiri irudi katikati na wakati huo kidole kinashawishika. Kwa mikono miwili ni habari nyingine, hapo hata kilo na nusu unaimudu.

Tena swali la uzito uko wapi ni muhimu kuliko uko kiasi gani. Uzito ulio mbele, kwenye mtutu, unatuliza kilengeo cha mbele kisiruke. Uzito ulio kwenye silinda na mwili wa fremu umekaa juu ya mkono na hausaidii kama ule wa mbele. N inakuongezea uzito mwingi kwenye silinda na mwili. K yenye mtutu mnene inakuongezea mbele. Ndo maana wale wa PPC, shindano la risasi 150 kwa alama 1500 kuanzia yadi 7 mpaka 50, kwa miaka mingi walichukua K za kawaida, wakang'oa mtutu wa kiwandani, wakafunga mtutu mnene kama gogo na kilengeo kirefu juu yake. Hawakuhamia kwenye fremu kubwa. Walitaka silinda nyepesi inayozunguka kirahisi kwa dabo, na chuma kikae mbele.

Smith & Wesson wenyewe walilijua hili zamani. Zile Masterpiece walizotoa baada ya vita kuu ya pili ya dunia zilikuwa tatu kwenye fremu ya K, ya 22, ya 32 na ya 38, za mtutu wa inchi 6. Sasa fikiria, tundu la 22 ni dogo, la 38 ni kubwa, kwa hiyo kwa umbo lilelile ya 22 ingebaki na chuma kingi zaidi na kuwa nzito. Walichofanya ni kubadilisha upana wa ule ubao wa chuma unaopita juu ya mtutu, kwenye 22 mwembamba, kwenye 38 mpana, mpaka zote tatu zikijazwa risasi zina uzito mmoja, kama kilo 1.09. Mtu anafanya mazoezi na 22 ya bei nafuu, siku ya shindano anachukua 38 na mkono haujui tofauti mpaka mlio. Ukiniuliza mimi hakuna aliyefikiria shabaha vizuri kuliko hapo. K za 22 za siku hizi, zenye chuma kizima chini ya mtutu mpaka mwisho, zinafika kilo 1 na robo, karibu sawa na L ya 357 ya inchi 6. Kwa hiyo ukinunua K ya 22 ya kisasa kwa mazoezi, mwenzake wa kweli kwa uzito ni L. Chekesho kidogo, ila ukipima ndo hivyo.

Na kama unapiga mashindano soma kanuni kabla ya kulipa. Kwenye senta-faya ya mita 25 ya ISSF, shindano la risasi zenye kiberiti katikati ya kitako, kaliba ni kuanzia milimita 7.62 mpaka 9.65, bastola isizidi gramu 1400, mtutu usizidi milimita 153, umbali kati ya vilengeo usizidi milimita 220, na triga isiwe nyepesi chini ya gramu 1000. Mtutu wa inchi 6 ni milimita 152.4, umepita kwa nywele. N nyingi nzuri za zamani zina mtutu wa inchi 6 na nusu au 8 na kitu, zote nje. N za 44 na 45 zimekatwa na kaliba. Kwa hiyo mwenye ndoto za shindano hilo swali la fremu limeshajibiwa nusu kabla hajaingia dukani.

J nisiichukulie muda mrefu. Ni bastola ya kubeba, gramu 550 hivi kwa zile za chuma za mtutu mfupi, risasi tano, na kuna watu wanapiga nayo maajabu, ila wanapiga maajabu licha yake. Kwanza ndani ina springi ya kuzunguka badala ya ile bapa ndefu iliyoko kwenye K, L na N, na triga yake kuilainisha ni kazi ngumu zaidi. Pili ni hesabu ya vilengeo. Tuseme kilengeo cha mbele kimekaa pembeni nusu milimita tu ukilinganisha na cha nyuma wakati risasi inatoka. Kama umbali kati ya vilengeo ni sentimita 20, kosa hilo kwenye mita 25 linakuwa milimita 62 na nusu. Kama ni sentimita 10, linakuwa 125. Duara la kumi la karatasi ya ISSF lina kipenyo cha milimita 50, na kila duara linalofuata linaongeza 25 kila upande. Mkono uleule, kosa lilelile, bastola ndefu inakupa nane na fupi inakupa sita ya kuponea mstarini. Anayetaka J kwa shabaha ajue anajinyima alama kabla hajavuta pumzi.

K na L sasa. Huku ndo wengi watatua na huku ndo maneno mengi. Historia yake ni ya kueleweka: risasi ya magnum ya 357 ilipotoka 1935 iliwekwa kwenye N kwa sababu ilikuwa na nguvu. Watu wakataka nguvu hiyo kwenye kitu chepesi cha kubeba kutwa nzima, 1955 wakapewa K ya 357, ile iliyokuja kuitwa Model 19. Tatizo ni kwamba kwenye K nafasi ni finyu, sehemu ya nyuma kabisa ya mtutu, pale risasi inapoingia ikitoka kwenye silinda, upande wa chini umekatwa bapa ili kupisha vyuma vya silinda inapofungwa. Hapo chuma ni chembamba. Risasi za kawaida hazikuleta shida, ila zile nyepesi za gramu 8 hivi zilizojazwa baruti mpaka juu zilianza kukila na kukipasua. L ilikuja kutibu hilo, fremu imeongezwa kidogo mbele, mtutu una duara kamili nyuma, silinda nene zaidi, mpini hawakuugusa.

Wengi wakishasikia hadithi hiyo wanahitimisha kwamba K ni dhaifu. Kwa shabaha hiyo hitimisho haina kazi. Risasi ya shabaha ya 38 ni wadikata, ile bapa mbele ya gramu 9.6 inayotembea mita 200 na kitu kwa sekunde na kutoboa karatasi duara safi kama imekatwa kwa mashine, presha yake ni ya chini sana. K inayolishwa wadikata itakuzika wewe na wajukuu waendelee nayo. L ina maana kama kweli unapiga magnum mara kwa mara, au kama unataka ule uzito wa mbele kutoka kiwandani bila kwenda kwa fundi. Kama jibu lako kwa yote mawili ni hapana, L ni nzuri tu, haikuhitaji.

Ila kuna kitu kwenye bastola za 357 kwa ujumla. Ganda la 357 ni refu kuliko la 38 kwa milimita 3 na kidogo, lilirefushwa makusudi lisiingie kwenye bastola za 38. Ukiweka 38 kwenye tundu la 357, risasi inaruka hiyo nafasi ya ziada kabla haijashikwa na koo la silinda, ile sehemu nyembamba ya mbele ya tundu, na wadikata ambayo imezama yote ndani ya ganda inaruka zaidi. Kwa umbali wa mita 25 wengi hatutauona huo mruko kwenye karatasi, tusidanganyane. Utakachokiona ni ule uchafu mgumu, duara la masizi mbele ya pale ganda la 38 linapoishia, likishajikusanya siku ukitaka kuweka 357 haizami mpaka mwisho na silinda haifungi. Brashi na kiwiko, hakuna siri. Mwenye 38 halisi kwenye K hajui shida hii.

N ina watu wake na sitaki wanipige mawe. Silinda yake ina kipenyo cha kama milimita 43 wakati ya K ni kama 37. Kwenye nafasi hiyo unapata risasi nane za 357, au sita za 45 ACP zinazoingia kwa klipu ya duara zote kwa pamoja, na kwa mchezo wa kasi hakuna kinachojazwa haraka zaidi. Jerry Miculek, Mmarekani bingwa wa rivolva, mwaka 1999 alipiga risasi nane kwa sekunde moja na N. Lakini Ed McGivern, Mmarekani mwingine wa zamani, mwaka 1932 alipiga tano kwa sekunde 0.45, na ile ilikuwa K ya 38. Kwa hiyo hata kwenye kasi fremu siyo neno la mwisho, ni mkono wa nani umeshika nini. Kinachonifanya niikwepe N kwa shabaha ya utulivu ni ile silinda yenyewe. Chuma kizito kikishaanza kuzunguka hakitaki kusimama, na kinaposimamishwa na kile kikufuli kidogo cha chini unakisikia mkononi, tik, kabla tu nyundo haijaachia. Ukipiga dabo polepole kwa makini utaona kilengeo cha mbele kinatingishika hapohapo. Jaribu mwenyewe nyumbani: silinda tupu, weka sarafu juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele, elekeza upande salama, vuta dabo taratibu. Na K nzuri sarafu inakaa. Na N inakaa pia ukiwa na mkono mzuri, ila utajua umefanya kazi. Angalizo, kwa bastola ya 22 usifyatue tupu hovyo, pini ya zamani inaweza kugonga ukingo wa tundu, weka maganda yaliyotumika.

Jamaa mmoja ninayepiga naye ana vidole virefu vya mpiga gitaa, K kwake kidole kinapita mpaka kinapinda upande wa pili, na N ya 357 ya inchi 6 kwake imekaa kama ilichongwa kwake. Simbishii. Ukipita ule mtihani wa kidole na N, na hupigi dabo ya polepole, chukua N na usimsikilize mtu, mimi nikiwemo.

X ni ya kilo 2 na mtutu mrefu, ya kuwindia na ya kujionyesha. Tupite.

Python watu watauliza. Colt waliitoa 1955, wakairudisha 2020, kwa ukubwa iko maeneo ya L na siyo K, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu L yafikirie hapo, pamoja na kwamba za zamani dabo yake inazidi kuwa nzito kadiri inavyokaribia kuachia, kuna wanaoipenda hiyo kwa sababu inawaambia wako wapi, mi inanichosha. Manurhin MR73 ya Wafaransa nayo iko ukubwa wa kati, na waliwahi kutengeneza ndugu yake wa 32 kwa ajili ya shabaha tupu. Na hiyo 32 ingestahili watu zaidi kuliko inaopata. Fremu ya kati, silinda yenye chuma kingi kuzunguka matundu madogo, wadikata ya gramu 6 na kitu, teke karibu hakuna, na kanuni za ISSF zinairuhusu. Shida ni kuipata, na kupata risasi zake.

Mwisho, ukishajua fremu yako, usahihi wenyewe hauko kwenye herufi, uko kwenye bastola hiyohiyo iliyo mbele yako, hasa kama ni ya mkono wa pili, na K nzuri nyingi ni za mkono wa pili. Vuta nyundo polepole sana huku kidole cha mkono mwingine kikiigusa silinda kwa breki nyepesi, kila tundu kwa zamu, usikie kikufuli kimeingia kabla nyundo haijafika mwisho. Tundu moja likichelewa, risasi ya tundu hilo itakuwa inaingia kwenye mtutu kwa pembeni na utakuwa na risasi moja kati ya sita inayotoroka kundi bila sababu unayoijua. Nyundo ikiwa imeachiwa na triga bado imebanwa nyuma, tingisha silinda kushoto kulia, mchezo mdogo ni sawa, mkubwa hapana, halafu mbele nyuma, hapo isisogee kabisa ama isogee kidogo mno. Chungulia mwanga kati ya silinda na mtutu, milimita 0.10 mpaka 0.15 ni nzuri, ikipita 0.25 anza kupunguza bei. Kama una kichwa kitupu cha risasi laini ya shabaha, bila ganda, kisukume kwa kidole kutoka mbele kwenye kila koo la silinda, kipite kwa kubana kidogo, na ubanaji uwe mmoja kwa yote sita. Koo moja likiwa legelege na lingine halipitishi, fremu hata iwe ya mfalme haitakusaidia kitu. Na muuzaji akikataa usifungue silinda yake ukaangalie, mrudishie bastola yake, ziko nyingine.